Msimbo mmoja usiwe mwanzo wa mwingine

Unatunga misimbo ya urefu tofauti, yaani mifuatano ya 0 na 1 ya kuwakilisha herufi? Anza na A=0, B=10, C=110, D=111. Ukipokea 010110, soma kutoka kushoto: 0 ni A papo hapo, 10 ni B, 110 ni C. Hakuna haja ya alama ya kutenganisha. Sasa badilisha B iwe 01 na C iwe 1. Je, 01 ni B, au ni A na C? Morse, msimbo wa nukta na mistari, nayo ina tatizo hilo: E ni nukta, A ni nukta na mstari, ndiyo maana lazima kuwe na kimya kati ya herufi.

Kabla ya kuhangaika, piga hesabu. Msimbo wa biti 1 (biti ni 0 au 1 moja) unakula 1/2 ya nafasi yote, wa biti 2 unakula 1/4, wa biti 3 unakula 1/8. Jumla ya misimbo yote ikizidi 1, acha, haiwezekani kuipanga bila mmoja kuwa mwanzo wa mwingine. Urefu wa 1, 2, 2, 2 unatoa 1.25. Mfano wetu wa kwanza unatoa 1 kamili, kwa hiyo herufi ya tano haiingii bila kurefusha msimbo mmojawapo.

Tahadhari: biti ya kwanza ikigeuka, 010110 inakuwa 110110, yaani CC. Herufi tatu zimekuwa mbili, na msomaji hashtuki hata kidogo! Hapo utahitaji namba ya ukaguzi pembeni, inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe ili kugundua kosa.