Safari ya York kwa ratiba ya Baba

Binti yangu karudi na barua ya shule: darasa lao linakwenda York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kulala usiku mmoja na kurudi. Kaibwaga barua mezani pembeni ya sufuria, halafu kauliza kwa ile sauti yake ya kuchoshwa na dunia, "Mama, York kuna nini cha kukaa siku mbili nzima?"

Nilifungua mdomo nimtajie kanisa kuu na kuta za mji, nikajikuta nacheka peke yangu. Swali hilo lilishajibiwa zamani, kwa penseli, kwenye karatasi ya mistari, na Baba yangu, stesheni masta mstaafu wa Tabora.

Ilikuwa Juni 2013. Baba na Mama walikuwa wamefika London baada ya mkasa wa viza ambao leo siusimulii. Mwezi uliotangulia askari alikuwa ameuawa Woolwich, mitaa michache tu kutoka kwetu, na watu waliodai wanalipiza kisasi kwa ajili ya Waislamu, na mimi kila Mama akijitanda mtandio wake kwenda dukani roho ilikuwa ikinipanda. Yeye wala. "Mimi naenda kununua vitunguu," alikuwa akisema, na kweli alirudi na vitunguu. Lakini nilitaka kuwatoa mjini kidogo, wakapumue.

York ilichaguliwa na Baba, na sababu yake ya kwanza ilikuwa chai. Alikuwa amesoma kwenye gazeti kwamba baada ya mauaji yale, kundi la wapinga Uislamu lilikwenda kuandamana mbele ya msikiti wa York, pale Bull Lane, na waumini wakawatolea chai na biskuti, wakawakaribisha ndani, mwisho wakacheza nao mpira. Baba alikata kile kipande cha gazeti. Watu wa namna hiyo, akasema, lazima mtu akawape mkono.

Sababu yake ya pili hakuisema mpaka nilipoiona mwenyewe kwenye simu. Tarehe 3 Julai mwaka ule Mallard, injini ya treni ya Kiingereza, ilikuwa inatimiza miaka 75 tangu ivunje rekodi ya dunia ya injini za mvuke: maili 126 kwa saa, yaani kilometa 203, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Jumba la makumbusho ya reli la York lilikuwa linazikusanya pamoja injini zote sita zilizosalia za aina hiyo, mbili kati yake zikiletwa kwa meli, moja kutoka Marekani na nyingine kutoka Kanada. Nilipomsomea, mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Zimevuka bahari kuja kuonana," akasema. Nami nikaangalia pembeni.

Mipango ya wenzetu huanza na hoteli. Yetu ilianza na mwezi. Ramadhani ilikuwa inaingia wiki ya pili ya Julai, na kufunga kwa majira yale kaskazini mwa Uingereza ni karibu saa kumi na tisa. Mama alisema wazi kwamba hawezi kuzunguka mji wa watu na kiu. Injini nazo hazikutani kabla ya tarehe tatu. Ikabaki Jumamosi na Jumapili moja tu, na bei za vyumba zilijua hivyo.

Basi jioni moja tukakaa jikoni kupanga. Tulikuwa tunasubiri Magharibi, ambayo London mwezi Juni haiji mpaka saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Mama alikuwa anachambua maharage ya pakiti. Nilishamwambia kwamba maharage ya huku hayana mawe. Akanijibu kwamba mkono wake haujui hivyo. Baba alikuwa amechonga penseli kwa kisu, amepiga mistari kwa ukingo wa kitabu cha mapishi, na juu ya safu zake ameandika kwa herufi kubwa: KITUO. KUFIKA. KUONDOKA. SABABU YA KUCHELEWA.

"Baba, hii ni mapumziko," nikamwambia.

"Mapumziko nayo yana muda wake."

Kazi yangu ilikuwa kusoma kutoka kwenye simu, yake kukubali au kukataa. Treni ya kutoka King's Cross, saa mbili hivi mpaka York bila kubadilisha. Ikakubaliwa. Nilipomwambia kwamba aliyefikisha miaka sitini ananunua kadi na kupunguziwa theluthi ya nauli, alinitazama kama nimemtukana. Yeye alisafiri na pasi ya reli tangu enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Leo ahesabiwe theluthi! Akapoa nilipomwonyesha kwenye ramani kwamba njia yetu inapita kati ya Peterborough na Grantham, reli ileile Mallard ilipovunjia rekodi. "Yeye aliteremka, sisi tutapanda," akasema, akaliandika hata hilo.

Kanisa kuu, York Minster: Mama akauliza kuhusu ngazi. Mnara una ngazi 275. Mnara ukafutwa. Lile dirisha kubwa la mashariki, kioo cha miaka ya 1405 hadi 1408, lilikuwa kwenye matengenezo na vioo vyake vingi vilikuwa vimeshushwa. Baba akaligawia kanisa dakika arobaini, "kwa heshima tu." Kuta za mji, kilometa tatu na ushei, unatembea juu yake na hulipi kitu: saa nzima. Mtaa wa Shambles, zamani mtaa wa wachinjaji, nyumba zimeinamiana hadi zinakaribia kugusana vichwa: dakika kumi na tano, maana hakuna kiingilio na hakuna pa kukaa. Nikapendekeza samaki na chipsi za kule Yorkshire, zinasifiwa. Mama akauliza wanakaanga kwa mafuta gani. Nikasoma. Maduka mengi ya huko hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuchinjwa na mtu wetu. Mama akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuhesabu mayai ya kuchemsha.

Halafu kulikuwa na mstari mmoja, Jumamosi mchana, ambao Baba aliuacha mtupu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ratiba isiyo na nafasi ya kuchelewa, treni ya asubuhi inafika usiku. Nami, kwa ajili ya kuujaza tu, nikafungua habari za Yorkshire Museum, ile iliyo ndani ya bustani ya magofu ya abasia ya St Mary's.

Nikaanza na Septimius Severus, kaisari wa Roma aliyezaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Baba akafurahi. Kaisari Mwafrika! Dakika ishirini na tano. Mama akaendelea na maharage yake.

Nikasoma la pili. Mwaka 1901, mtaa wa Sycamore Terrace, lilifukuliwa jeneza la jiwe la zama za Warumi, karne ya nne. Ndani yake mwanamke kijana, hata ishirini na tano hajafika. Kazikwa na kioo cha kujitazamia, jagi dogo la kioo cha buluu, shanga, herini na bangili. Mwaka 2010 wataalamu walipima mifupa yake wakasema huenda asili yake, walau upande mmoja, ilikuwa Afrika ya Kaskazini. Bangili zake zilikuwa za aina mbili: nyeusi, za jiwe la pwani ya Whitby hapohapo Yorkshire, na nyeupe, za pembe ya ndovu wa Afrika.

Mkono wa Mama ukasimama juu ya ungo.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo pembe," akasema, "nani aliibeba?"

Nadhani hakumuuliza mtu. Nje kulikuwa na mwanga kama wa saa kumi na moja jioni, watoto wa jirani bado wanapiga mpira ukutani. Baba, ambaye swali lisilojibiwa humwasha, akasema bila shaka ilikuja kwa meli.

"Meli haipandi Unyanyembe," Mama akasema, yaani kwetu Tabora.

"Si lazima ilitoka Unyanyembe, Mama," nikasema. Nikamweleza kwamba zamani hizo hata kaskazini mwa Afrika ndovu walikuwapo. Nikamwambia pia, maana nilikuwa nimeanza kusoma na sikuweza kuacha, kwamba pwani yetu yenyewe iliuza pembe kwa wafanyabiashara wa zama za Warumi, kwenye bandari iliyoitwa Rhapta, ambayo mpaka sasa wasomi wanabishana ilikuwa wapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama ana adabu hiyo. Kisha akasema, "Popote ilipotoka. Ndovu hafii bandarini."

Ndipo alipotuambia habari ambayo mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kuisikia. Babu yake babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilometa 800 kwa miguu, akarudi, akaenda tena. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaona bahari, nani angempa mke? Nyumbani walisimulia kwamba bega lake la kulia lilikuwa chini ya la kushoto mpaka anaingia kaburini, na sanda ilimkaa upande. Mama alisema hivyo huku akionyesha kwa bega lake mwenyewe, akiliinamisha kidogo, ungo ukiwa mapajani, na kwa nukta moja alikuwa mtu mwingine, mwanamume, mwenye haraka.

Baba akajikohoza. "Ndiyo maana reli ilikuja," akasema kwa upole. "Ilipofika Tabora mwaka 1912, watu wakapumzika."

"Wakapumzika na mshahara wao," Mama akasema. "Walikuwa wanalipwa, Baba Zai. Mlipokuja nyinyi, nani alimlipa?"

Nyinyi! Baba hakuwa hata amezaliwa. Lakini nilimwona akiipokea lawama kama mtu wa reli, bila kujitetea. Aligeuza penseli, akafuta kitu kwa ule ufutio wa nyuma, akaandika upya. Halafu Magharibi ikaingia na karatasi ikawekwa juu ya jokofu.

Safari yenyewe ilikwenda haraka, kama zinavyokwenda safari zilizopangwa sana. Joto lilikuwa la Tabora kabisa; Waingereza walikuwa wamelala kwenye majani kama nguo zilizoanikwa. Baba aliziona injini zake sita. Moja ya hizo, ya mwaka 1937, imeandikwa ubavuni Union of South Africa, na mzee wangu, aliyepitisha mabehewa miaka ile ambayo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wakilelewa kwetu, alisimama mbele ya jina lile kwa muda kisha akaniambia nimpige picha ya magurudumu tu. Bull Lane tulikwenda. Chai tulipewa, na biskuti.

Na Yorkshire Museum, kile kituo cha dakika ishirini na tano. Bangili zile ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Za pembe zimegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Pembeni kuna kipande cha mfupa kilichotobolewa herufi za Kilatini, nikamtafsiria Mama kutoka kwenye maelezo: salamu, dada, uishi ndani ya Mungu. Mama akasema "Amina," kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Kisha akatafuta benchi, akakaa. Mzee wa zamu alikuja kutuuliza kama tunahitaji msaada, na Mama akaniambia nimuulize lile swali lake. Nikamuuliza. Mzee yule, mtu mwema, akaanza kutueleza habari za meli za Warumi.

"Mwambie asante," Mama akasema, na hakunyanyuka.

Saa moja ikapita. Ikapita na ya pili. Baba alitazama saa yake mara kadhaa, lakini hakumhimiza. Kuta za mji hatukuzipanda. Tuliziona Jumapili tukitoka kwenda stesheni, maana ziko mkabala nayo, na Baba akasema zimejengwa vizuri.

Kwenye treni ya kurudi alitoa karatasi yake na kujaza safu ya mwisho, kituo kwa kituo, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilichungulia. York Minster: hakuna. Makumbusho ya reli: "msongamano wa abiria." Shambles: hakuna. Yorkshire Museum, kuchelewa saa moja na dakika hamsini, sababu: "mzigo."

Nilimuuliza ana maana ya mzigo gani. Mama alikuwa amesinzia dirishani, au alijifanya.

"Stesheni masta anaandika sababu," akasema, akaikunja karatasi. "Maelezo ni kazi ya makao makuu."