Fizikia ilinishinda kuipenda, utabibu nikasoma: nilivyoamua

Naandika hii kwa wadogo zangu mlioko fomu foo mnaotaka kazi ya hospitali ila kengele ya kipindi cha fizikia ikilia roho inasinyaa. Mi nilikuwa hivyo hivyo, na ningepata mtu wa kunieleza haya mapema ningelala usingizi mzuri sana mwaka ule.

Nimekulia Tukuyu, shule ya kata hukohuko Rungwe. Historia na Kiswahili nilikuwa nafaulu bila kuhangaika, bios, yaani baiolojia, ya katikati, kemia na fizikia ndo yalikuwa mateso. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja shule nzima, maabara ni chumba chenye meza ndefu na makabati yamefungwa kufuli, kwahiyo tunakremu fomula ubaoni tu, unaandika V unaandika I unaandika R, waya hujauona wala betri hujaishika. Nyumbani walishanipangia, fomu faivu HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, akawe mwanasheria huyu. Na kwa matokeo yangu ya darasani hawakuwa wanakosea, ila mi toka mdogo nilitaka kutibu watu na hiyo hamu ilikataa kuondoka.

Kilichoniamulia ni kile kipindi baada ya mtihani. Si mnajua tunamaliza Novemba, af fomu faivu mpaka mwaka unaofuata katikati huko, miezi yote hiyo uko tu nyumbani. Bibi alikuwa na kisukari, akapata kidonda cha mguu, akalazwa, na mama alikuwa na chai ya kuchuma haiwezi kusubiri, kwahiyo mi ndo nikawa nakaa na bibi wodini. Namwogesha, namletea uji, nafua, na wodi ikijaa mnaanza kusaidiana ndugu wa wagonjwa, huyu hana mtu unamgeuza, yule dripu imeisha unakimbia kumwita sista.

Wakija kusafisha vidonda watu wengi walikuwa wanatoka nje kwa sababu ya harufu, na siwalaumu, harufu ile ni kali kweli. Mi nilikuwa nabaki nashika mguu wa bibi. Siku moja nikamuuliza tabibu, mbona anakwanguliwa hivyo na hasikii maumivu? Akanieleza huku anaendelea na kazi, kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga msumari au kaa la moto na hajui, na mishipa ya damu nayo inaharibika kwahiyo kidonda kikishaanza damu haifiki vizuri, kupona kunachelewa. Maelezo mafupi tu lakini sikulala, nilikuwa nawaza kumbe yule mzee wa kitanda cha jirani naye ndo maana wamemkata vidole. Hiyo ilikuwa bios na kemia tupu, na nilitaka niambiwe zaidi.

Halafu nikaanza kuiangalia kazi yenyewe. Nilikuwa najua daktari ni mtu wa kukokotoa muda wote. Kumbe kwenye raundi sehemu kubwa ni kuuliza na kusikiliza, imeanza lini, ilianzia wapi, dawa unameza saa ngapi, jana umekula nini, na wazee wengi mle wodini walikuwa wanajieleza vizuri kwa Kinyakyusa tu, kwahiyo mara nyingine naitwa mi niwasemee. Yaani kumsikiliza mtu mpaka ukajua shida ilipoanzia, hicho kitu nilikuwa nakipenda kuliko somo lolote.

Nikajikaza nikamfuata yule tabibu. Shikamoo dokta, mi nataka hii kazi ila fizikia na kemia sizipendi, nitaiweza? Hakusema ndio wala hapana. Akaniuliza, usichokipenda ni kipi hasa mwanangu, ni mwalimu, ni hesabu, ni vile huelewi, au hutaki tu kujua mwili unafanyaje kazi? Akasema kama ni hilo la mwisho tafuta kazi nyingine, kwa sababu huku kusoma hakuishi, akanionyesha mwongozo wa matibabu wa wizara pale mezani, kurasa zimeshaanza kuchanika kwa kufunguliwa.

Nikarudi nalo hilo swali nyumbani, nikachukua daftari nikaandika topiki zote nilizokuwa nazichukia na pembeni kwa nini. Umeme, mwanga, moles, mizania ya kemikali, karibu zote sababu ilikuwa ileile, sijawahi kuiona ikifanya kazi. Mmeng'enyo wa chakula, damu, uzazi, magonjwa, hizo hazikuingia hata kwenye orodha, nilikuwa nazisoma hata kama hakuna mtihani. Hapo nikapata jibu langu. Rafiki yangu naye akafanya hivyohivyo akakuta mwili wenyewe haumvutii, alichokuwa anataka ni heshima ya kuitwa dokta, akaenda zake uhasibu Iringa na ametulia. Naona aliamua vizuri kabisa.

Matokeo yakatoka, C za Kiswahili, historia na bios, kemia D, fizikia D. PCB, yaani fizikia, kemia na bios za fomu faivu, kwa D hizo hakuna, na bila PCB ile njia ya moja kwa moja ya MD, digrii ya udaktari, miaka 5 chuoni na mwaka 1 wa intanishipu, imefungwa. Ila kuna stashahada ya utabibu, miaka 3, unaomba kwa cheti cha fomu foo ukiwa na angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, na humo ndani kemia, bios na fizikia lazima ziwepo. Ndo maana nawaambia, hata kama huipendi fizikia usiitupe, ile D yangu ilinifungulia mlango. Vyuo vya serikali watu wanagombania sana kwahiyo D inakupa haki ya kuomba tu, nafasi ni jambo lingine. Na ukimaliza na GPA nzuri, yaani wastani wa alama za chuo, unaweza kuomba MD baadaye.

Chuoni fizikia ilinifuata. Unapewa lita 1 ya dripu iingie kwa masaa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita moja, weka matone mangapi kwa dakika? Kama 42. Shuleni hesabu hiyo ningeiruka, sasa hapa kuna mtu amelala anasubiri. ORS nayo, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji anayepewa mtu anayeharisha, ndo ilinifanya nikaelewa kemia, kwamba sukari iliyomo inaisaidia chumvi kuingia kwenye utumbo na maji yanafuata, ndo maana vyote viwili vimo kwenye pakiti moja. Kila topiki ngumu nilikuwa natafuta mgonjwa wake kwanza, nikirudi kwenye notsi zinaingia. Biokemia haikuingia hata kwa hiyo njia, nilikesha nayo kwenye diskasheni na wenzangu ili nisipate sapu, yaani kurudia mtihani, na siipendi mpaka leo.

Sasa niko kituo cha afya wilaya ya Makete. Baridi ya Juni na Julai huku mnaijua, watoto wanaletwa na kikohozi wamefungwa blanketi mpaka usoni, unamwomba mama afungue kifua uhesabu pumzi dakika nzima, mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka akifika 50 au zaidi anapumua haraka, wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40, hapo unaanza kuifikiria nimonia. Nahesabu, na sijawahi kuchoka kuhesabu.

Kama unasita, kabla hujajaza kombi nenda zahanati ya kijijini kwenu, onana na mganga mfawidhi, yule msimamizi wa kituo, muombe ukae ukiangalia likizo hata kwa kufagia na kupanga mafaili. Mdogo wangu wa mwisho yuko fomu tatu, kemia anaipenda hatari ila damu hataki hata kuiona, na baba keshamwita dokta. Nimemwambia mama amlete Makete likizo ya Juni, mganga mfawidhi wetu ameshakubali.