Leo nimekatazwa kupenga kamasi

Nimetoka kwa daktari wa meno, shavu limeumuka upande mmoja.

Gego la juu niling'oa zamani, mfupa ukapungua mno. Jino la kupandikiza lingekosa pa kushika. Basi wameinua utando wa sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego na unaoungana na pua, wakajaza chembechembe za mfupa chini yake, wakashona.

Maumivu? Ganzi ilinisitiri. Kilichonitisha ni ule mtikisiko, kama fundi anakwangua ukuta ndani ya fuvu langu!

Jino lenyewe nisubiri miezi 6 hivi. Mrija marufuku. Chafya ikija, niachame.

Na imekuja, kwenye lifti. Nimeachama kama kiboko, abiria wote kimya.

Mliopitia haya, uvimbe ulishuka siku ya ngapi?