Saikolojia asubuhi, kriminolojia mchana

Nikisema nasoma saikolojia na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwa pamoja, watu huniuliza kama najua wanachowaza, kisha kama nataka kuwa mpelelezi. Unachowaza sikijui, na upelelezi siutaki. Wengine hudhani tunashinda tukichambua wauaji. Wauaji wapo kwenye silabasi, ndiyo, ila sehemu kubwa ya muda ni takwimu, na takwimu hizo zimeshawaliza watu wazima.

Kinachonikosesha usingizi muhula huu ni kwamba masomo haya mawili hayaelewani sana. Asubuhi tunamchukua mtu mmoja tunamfungua: utoto wake, hofu zake, anavyozuia hasira au anavyoshindwa. Mchana naingia kriminolojia, na kabla hata hatujamgusa mtu huyo naulizwa nani kasema alichofanya ni kosa, na mbona wengine wakikifanya hawakamatwi. Mwanasosholojia wa Marekani, Howard Becker, aliliandika hilo mwaka 1963: kitendo hakina uhalifu ndani yake chenyewe, unaletwa na wenye kauli wanapoweka kanuni na kumbandika jina aliyeivunja.

Wiki ileile tuliyomsoma Becker, upande wa pili tulikuwa na orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare ya kupima usaikopathi, yaani hali ya mtu asiye na huruma wala majuto. Ina vipengele 20, kila kimoja kina alama 0 hadi 2, jumla 40, na mpaka uliozoeleka Marekani wa kumhesabu mtu kuwa saikopathi ni 30. Nikavipitia kimoja kimoja. Kuna ukosefu wa huruma, kuna ulaghai, sawa. Kisha nikakuta kimoja kinachohesabu aina za makosa ya jinai ambazo mtu amewahi kutenda. Yaani rekodi ya polisi inaingia kwenye kipimo cha nafsi, halafu kipimo hicho hicho kinatumika kutabiri kama mtu atarudi kwenye uhalifu. Nikanyoosha mkono kuuliza kama hapo hatuzunguki mduara. Mhadhiri akacheka, akasema hata wataalamu wenyewe wanabishana. Nililipenda jibu lile kuliko slaidi zake zote.

Mahali ambapo pande hizi mbili zimenikutania vizuri ni kwa shahidi. Watafiti wa kumbukumbu Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, wakawauliza yalikuwa yakienda kasi gani. Kilichobadilishwa ni kitenzi tu. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walisema 31.8. Katika jaribio la pili waliwaita watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo vilivyovunjika havikuwamo kwenye filamu. Hata hivyo, katika watu 50 waliokuwa wamesikia neno la kubamizana, 16 walisema wameviona. Waliosikia neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7 kati ya 50.

Hawa hawakuwa waongo. Hilo ndilo linalonitisha. Mwongo unaweza kumbana kwa maswali hadi ajikanyage. Mtu anayekumbuka kwa dhati kitu ambacho hakikuwapo utambana kwa lipi?

Halafu mchana tukasoma kesi ya Ronald Cotton wa North Carolina. Alihukumiwa kwa ubakaji baada ya mwathirika kumtambua, mwanamke ambaye wakati wa tukio alijitahidi kuikariri sura ya mshambuliaji. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya vinasaba vilipomtoa mwaka 1995 na kumwonyesha mhalifu halisi. Saikolojia inanieleza kilichotokea: mwathirika alichagua picha ya Cotton kwanza, na katika gwaride la utambuzi, ambapo shahidi huonyeshwa watu waliopangwa mstari ili amtaje mhalifu, Cotton alikuwa pekee aliyekuwa pia kwenye zile picha, kwa hiyo sura aliyoitambua huenda ilikuwa ile ya kwenye karatasi. Lakini picha yake ilifikaje mezani? Polisi walikuwa nayo kwa sababu aliwahi kupatikana na hatia huko nyuma. Swali la nani yumo kwenye faili na nani hayumo haliwezi kujibiwa na jaribio la kumbukumbu, hata liwe zuri vipi. Hapo Becker anarudi kudai chake.

Kwa hiyo tasnifu yangu itahusu gwaride la utambuzi, hasa ile kanuni kwamba askari anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni yupi, maana tabasamu dogo tu, au "una uhakika?" iliyotamkwa kwa sauti fulani, inatosha kumsukuma shahidi. Saikolojia wanataka nifanye jaribio. Kriminolojia wanataka nikawahoji maaskari kwa nini kanuni inayojulikana haifuatwi. Mimi nataka vyote viwili, ila fomu ya usajili ina nafasi ya idara moja. Nimejaza saikolojia, kwa kuwa maabara ni ya kwao. Sura ya tatu itakuwa ya mahojiano, na msimamizi wangu nitamwambia nikishaimaliza.