Maandishi ya Kichina yakigeuka visanduku, usikimbilie kupiga Windows upya

Katika steshenari yangu hapa Mtwara mjini huja watu wanaotaka kusoma kurasa za Kichina au za Kijapani, kwa sababu wanaagiza wenyewe mashine za kubangua korosho, vipuri na magari ya mitumba. Kompyuta zao zikionyesha takataka badala ya maandishi, ushauri waliokwisha kupewa mtaani huwa mmoja tu, nao ni kupiga Windows upya. Naupinga ushauri huo, kwa kuwa unatibu kabla ya kupima. Swali la kwanza ni kama maandishi yenyewe ni mazima au yameharibika, na hata sisi tusiosoma lugha hizo tunaweza kulijibu kwa kuyatazama.

Ukiona visanduku vitupu, kila herufi na kisanduku chake, huku tarakimu na maneno ya Kiingereza yakisomeka vizuri, maandishi yamefika salama na kilichokosekana ni fonti yenye maumbo ya herufi hizo. Nakili visanduku hivyo uvibandike kwenye programu ya kutafsiri: tafsiri yenye maana ikitoka, jambo limethibitika. Windows 10 huja na Microsoft YaHei kwa Kichina, Yu Gothic kwa Kijapani na Malgun Gothic kwa Kikorea, kwa hiyo nikikuta visanduku huko hushuku kwamba kuna mtu aliyefuta fonti ili kupata nafasi kwenye diski. Kwenye Linux nyepesi (mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows) tunazoziweka katika kompyuta kuukuu hali ni tofauti, kwani mara nyingi fonti hizo hazimo kabisa. Kwa Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, dawa ni kifurushi kiitwacho fonts-noto-cjk. Ni kizito, na mwenye bando dogo ajiandae, lakini uzito huo una sababu: fonti moja ya aina hiyo hubeba maumbo 65,535, ambayo ndiyo kikomo kinachoruhusiwa na muundo wa faili lenyewe.

Tatizo la pili ndilo linalowachanganya wengi, maana herufi zinaonekana, ila si zenyewe. Jina la Japani, 日本, linatokea kama æ—¥æœ¬. Hapa kuongeza fonti ni kazi bure. Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba, na mpango wa kuandika namba hizo kwa baiti, yaani vipande vidogo vya data, ndio unaoitwa usimbaji. Katika UTF-8, usimbaji wa kisasa unaobeba lugha zote, herufi nyingi za Kichina huchukua baiti tatu, na kivinjari kikidhani kwamba ukurasa umeandikwa kwa Windows-1252, usimbaji wa lugha za Ulaya Magharibi, kila baiti hugeuka herufi ya peke yake. Ndiyo maana herufi mbili zimekuwa sita. Mkanganyiko huu huzuka zaidi kwenye kurasa za zamani, kwa kuwa kabla ya kuenea kwa Unicode, orodha ya pamoja inayozipa herufi za lugha zote namba zake, Japani ilitumia Shift_JIS na EUC-JP, China ikatumia GB2312 ya mwaka 1980 na baadaye GBK, Taiwan ikatumia Big5, na Korea Kusini EUC-KR. Ukurasa usiotaja usimbaji wake hukiacha kivinjari kikikisia. Katika Firefox bonyeza kitufe cha Alt, fungua menyu ya mwonekano, kisha uchague amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi. Chrome iliondoa menyu yake ya usimbaji, uamuzi ambao mimi binafsi naona ulikuwa wa haraka mno, kwa hiyo kwa kurasa za namna hii namshauri mteja awe na Firefox pembeni.

Hali ya tatu mara nyingine haina dawa upande wetu. Alama ya kuuliza iliyo ndani ya almasi nyeusi ina maana kwamba kivinjari kimekuta baiti kisizozielewa, na kubadili usimbaji huenda kukasaidia. Lakini ikiwa alama hiyo imekwisha kuhifadhiwa ndani ya faili, herufi ya asili imepotea. Dalili ya wazi ni herufi 锟斤拷 zinazojirudia: hizo ni alama mbili za namna hiyo zilizohifadhiwa kwa UTF-8 kisha zikasomwa kwa GBK. Mwombe muuzaji akutumie maelezo upya.

Kwa upande mwingine, wapo wauza ufuta wa Lindi wanaotaka kuweka maelezo ya Kichina kwenye kurasa zao kwa ajili ya wanunuzi. Hao wahifadhi faili kwa UTF-8 na waweke tamko la usimbaji, yaani mstari unaoutaja, ndani ya baiti 1,024 za mwanzo za ukurasa. Iwapo seva, yaani kompyuta inayouhifadhi na kuutuma ukurasa, inatangaza usimbaji mwingine, kivinjari kitaifuata seva na kulipuuza tamko hilo, hivyo marekebisho yafanywe kwenye mipangilio ya seva.