Kambale kwenye maji ya mzunguko: fuga bakteria kwanza

Tangi la lita 5,000 linalopewa kilo 1.5 za chakula kwa siku huzalisha takriban gramu 45 za amonia, sumu inayotoka kwa samaki. Bila kichujio, dawa yake ni kumwaga maji mengi kila siku, na anayenunua maji ya boza haliwezi hilo. Ukiyazungusha, unabadilisha lita 250 hadi 500 tu, na hizo zina rutuba nzuri kwa mchicha.

Maji yatokee katikati chini ya tangi, yapite pipa la kutuamisha kinyesi, ndipo yaingie pipa la bakteria, yaani kichujio ambamo bakteria hula amonia. Ukiruka pipa la kwanza, uchafu unaziba la pili na kula hewa ya bakteria. Pampu izungushe tangi zima kila saa. Angalia boksi lake vizuri: kiwango kinachoandikwa ni cha maji yasiyopandishwa, ukiyainua mita mbili hupungua sana.

Bakteria huishi juu ya vipande vya plastiki. Kwa amonia hiyo wanahitaji mita za mraba 120 hivi za uso wa kushikilia. Pipa moja la kokoto halifikishi. Wape hewa muda wote, na ukiwasafisha tumia maji ya tangi, kwani klorini ya bomba huwaua.

Wengi hupoteza samaki hapa: kichujio kipya huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Amonia hupanda, kisha hushuka, na mfugaji anajaza vifaranga. Kumbe naitraiti, sumu nyingine ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia, ndiyo inapanda! Matamvua yanakuwa ya kahawia na samaki wanatweta ingawa hewa ipo. Weka kilo 1 ya chumvi kwa kila lita 1,000, punguza chakula, subiri vipimo vyote viwili virudi karibu na sifuri.

Bakteria hao pia hushusha pH, kipimo cha uchachu wa maji. Ikienda chini ya 7 kazi yao inalegea, hivyo ongeza bikaboneti ya soda, gramu 150 hadi 250 kwa kila kilo ya chakula. Igawe kidogo kidogo. Amonia ikiwa nyingi, pH ikipanda ghafla ile amonia iliyokuwa haina makali inageuka sumu.

Umeme ukikatika, kambale huvuta hewa juu ya maji. Sato waliosongamana wanaweza kufa ndani ya saa moja, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri ni lazima kwao. Kichujio kikikaa saa kadhaa bila hewa, maji yake huoza. Umeme ukirudi, yamwage nje kabla ya kuwasha pampu.