Barua ya Nisha

"Shangazi, hii ni picha au mkanda wa harusi?"

Binti wa kaka yangu aliniuliza hivyo juzi, simu mkononi, mwigizaji Madhuri Dixit akicheza na sari yake ya zambarau. Hakujua kwamba filamu hiyo, *Hum Aapke Hain Koun..!*, ilipotoka mwaka 1994, wachambuzi wa India nao waliibeza hivyohivyo: zaidi ya saa tatu, nyimbo 14, harusi juu ya harusi, hadithi iko wapi? Watu wakajaza kumbi. Mchoraji M. F. Husain aliirudia kuitazama mara chungu nzima kwa ajili ya Madhuri.

Kwetu Ngamiani, Tanga, kanda ilifika mwaka uliofuata, na kwa jirani mwenye deki mambo yakawa yaleyale. Wavulana waliondoka hata nusu haijafika. Steringi gani huyu, Salman Khan mzima, hapigi mtu kofi! Wakabaki wanawake mkekani, nami nimeegemea magoti ya Bibi.

Kwenye picha, dada mtu akaanguka ngazini, akafa, akaacha mtoto mchanga. Wazee wakaamua mdogo wake, Nisha, ndiye Madhuri, aolewe na shemeji yake ili amlee mtoto. Nisha anampenda Prem, ndiye Salman, mdogo wa shemeji huyo, lakini kanyamaza. Siku ya harusi akaandika barua, akampa mbwa Tuffy ampelekee Prem.

Chumba kizima kimya. Mbwa akasita. Bibi, ambaye hakutaka mbwa apite hata uchochoroni kwetu, alinishika bega mpaka likauma. "Nenda, baba, nenda," akamwambia mbwa, kwa sauti ileile aliyonibembelezea mimi ninywe dawa. Barua ikaangukia mikononi mwa shemeji mwenyewe. Akasoma, akaelewa, akamwachia mdogo wake. Vigelegele!

Bibi hakupiga. Nyumbani sote tulijua kwamba dada yake alikufa akaacha mtoto mchanga, ndiye mjomba wetu mkubwa, na kwamba Babu alikuwa kwanza shemeji yake. Tulijua tu, kama mtu anavyojua jina la mtaa.

"Mie sikupata wa kumtuma," alisema, macho kwenye runinga. Kisha: "Hebu rudisheni nyuma, nimwone tena yule mbwa."

Nilikuwa na miaka 11. Sikumuuliza barua yake ingekwenda kwa nani. Babu alikuwa mume mwema, kwa nilivyoona mimi.

Binti sikumjibu. Nilimwambia asogeze mbele, mpaka kwenye mbwa.